Miwani ya Kupulizia Dawa Inashika Ukungu? Usiivue, Fanya Hivi



Leo tuongelee kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho kinachofanya watu wengi waache kukinga macho: ukungu kwenye miwani. Kijana ananunua miwani yake vizuri, anaivaa siku ya kupuliza, akifika mstari wa tatu haoni mbele. Anaipandisha kwenye paji la uso na kumalizia shamba macho wazi. Wiki inayofuata miwani imening'inia stoo, na ukimuuliza anakwambia, "Hii miwani ni feki tu."

Mara nyingi miwani siyo feki. Shida ni pumzi yako, jasho lako na baridi ya huku kwetu. Ukielewa vitu hivi vitatu vinavyokutana kwenye kioo, utaweza kufanya kazi ya asubuhi nzima bila kuivua. Na hiyo ndiyo shabaha yetu leo, kwa sababu miwani iliyo kwenye paji la uso haikingi kitu.

Kwa nini Rungwe tunasumbuka zaidi

Wote mnajua mfuniko wa sufuria ya wali: ukiufunua, chini yake umejaa matone. Mnajua pia vioo vya Coaster mvua ikinyesha na abiria wamejaa. Dereva anafuta kioo kila baada ya dakika mbili. Ni jambo lile lile. Hewa ya joto yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi, unyevu unageuka kuwa matone madogo madogo. Matone hayo yanatawanya mwanga, ndiyo maana unaona weupe tu.

Pumzi yako inatoka na joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi, na imebeba unyevu karibu wote inaoweza kuubeba. Sasa fikiria asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba kule Ndaga, Isongole au Ntokela. Kioo cha miwani ni cha baridi kama bati la nyumba. Pumzi ikipanda kidogo tu kutoka kwenye barakoa, kioo kinafunga palepale.

Ukishuka Masoko au upande wa Busokelo baridi inapungua, lakini hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki. Umebeba bomba la lita 16 au 20 mgongoni, umevaa ovaroli na gambuti, unapanda mteremko. Joto la uso na jasho vinajaza mvuke ndani ya miwani. Njia ni tofauti lakini mwisho ni ule ule.

Kwa hiyo kuna mambo manne ya kushughulikia: pumzi isipande, hewa ya ndani ipate pa kutokea, kioo kisiwe cha baridi, na uso wa kioo uandaliwe ili unyevu usikae kama matone. Tutayachukua moja moja. Lakini kwanza tuone kwa nini inafaa kuhangaika.

Macho yanapotea kwa dawa zipi?

Wengi tunaogopa dawa ya wadudu kwa sababu ya harufu yake kali, halafu zile za ukungu wa mimea tunazichukulia kama maji. Kwenye macho hesabu haiko hivyo. Baadhi ya dawa za shaba zinazopulizwa kwenye kahawa na parachichi, hasa zenye haidroksaidi ya shaba, zinaweza kuleta madhara makubwa ya jicho. Chokaa unayochanganya na mrututu ni kali pia. Ikiingia jichoni inaunguza, na inaendelea kuunguza usipoiosha haraka. Hata dawa za kawaida za ukungu wa viazi zinawasha macho na kuyafanya mekundu.

Halafu kuna suala la mara ngapi. Kipindi cha mvua mkulima wa viazi mviringo anapuliza kila baada ya siku 7 hadi 10, kutegemea lebo na hali ya ugonjwa. Kwa msimu mmoja anaweza kufika mara 8. Ukivua miwani mara zote hizo, unacheza bahati nasibu mara 8 kwa msimu.

Mkulima wa parachichi yuko kwenye hatari ya namna nyingine. Yeye anapuliza kuelekea juu ya mti, na dawa inayokosa majani inamrudia usoni. Macho yake yapo chini kabisa ya mvua ya dawa.

Na usisahau wakati wa kuchanganya. Pale ndipo dawa ni nzito, haijapata maji. Tone moja linaloruka ukifungua chupa lina nguvu kuliko matone mengi ya shambani.

1. Anza na barakoa, siyo miwani

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunalaumu miwani, kumbe pumzi inatoka juu ya barakoa na kuingia moja kwa moja machoni.

Skafu au kitambaa kilichofungwa puani ndicho kibaya kuliko vyote. Kinazuia pumzi mbele, pumzi inatafuta njia, na njia rahisi ni pembeni mwa pua kwenda juu. Juu ya hapo, kitambaa kinanyonya dawa na kukuwekea puani. Barakoa nyembamba ya hospitali nayo haikutengenezwa kwa ajili ya viuatilifu.

Soma lebo ya dawa uone inataka kinga gani ya kupumua. Kama inataka barakoa ya chembechembe, tafuta yenye waya wa puani na yenye kitundu cha kutolea pumzi mbele. Kama inataka ile ya nusu uso yenye vichujio vya pembeni, chukua hiyo. Na ndiyo inayosumbua miwani kidogo kuliko zote, kwa sababu pumzi inatokea kwenye vali ya mbele, mbali na macho.

Utaratibu wa kuvaa ni huu:

- Vaa barakoa kwanza. Bana waya wa puani kwa vidole vya mikono yote miwili, ukifuata umbo la pua. Ukibana kwa mkono mmoja waya unakunjika katikati na kuacha mwanya.
- Pima. Pumua kwa nguvu mara tatu. Ukisikia upepo kwenye kope, barakoa haijakaa. Rekebisha kabla ya kuendelea.
- Sasa vaa miwani, ikalie juu ya barakoa bila kuisukuma chini.
- Malizia na kofia. Mkanda wa miwani ukae vizuri nyuma ya kichwa, usiteleze.

Vijana wenye ndevu, hili ni lenu: barakoa haibani juu ya ndevu. Pumzi inatoka, dawa inaingia. Siku ya kupuliza, nyoa sehemu ambayo barakoa inagusa.

2. Angalia matundu ya hewa ya miwani yako

Miwani ya kazi iko ya aina tatu. Kuna isiyo na matundu kabisa. Hiyo inazuia kila kitu lakini inashika ukungu haraka sana. Kuna yenye matundu wazi, unaona mwanga kupitia kwenye vitobo. Hiyo inapitisha hewa vizuri, lakini inapitisha na matone ya dawa. Inafaa kwa kazi ya vipande vinavyoruka, kama kufyeka nyasi kwa mashine, siyo kwa kupuliza.

Aina ya tatu ina matundu yaliyofunikwa. Hewa inaingia kwa kona, matone hayapiti moja kwa moja. Hiyo ndiyo ya kupulizia dawa.

Dukani usiangalie rangi, angalia maandishi. Miwani ya kiwango cha Ulaya cha EN 166 ina namba na herufi. Namba 3 kwenye fremu inamaanisha inazuia matone na michirizi ya kimiminika. Herufi N kwenye kioo inamaanisha kioo kimepimwa kuwa kinakinza ukungu. Kwa kiwango cha Marekani cha Z87, alama ya kuzuia michirizi ni D3, na ya kukinza ukungu ni X. Ukikuta duka la pembejeo halina, muulize muuza duka aagize. Bei yake haifiki hata ya mfuko mmoja wa mbolea.

Tafadhali, usitoboe matundu ya ziada kwa msumari wa moto. Ukungu utapungua, ni kweli, lakini umegeuza miwani kuwa chujio. Kwa mtu wa parachichi, tundu la juu ni mlango wa dawa inayodondoka.

3. Usivae kioo cha baridi

Miwani iliyolala stoo usiku kucha au iliyofungwa kwenye pikipiki mpaka shambani inafika ikiwa ya baridi. Iweke kwenye mfuko safi wa nailoni, halafu iweke ndani ya koti, karibu na mwili, kama nusu saa kabla ya kazi. Ukiivaa, kaa nayo dakika mbili tatu ukipanga vifaa kabla ya kubeba bomba. Kioo kikikaribia joto la uso, ukungu unapungua sana.

Muda wa kupuliza nao una mchango. Alfajiri yenye umande siyo muda mzuri kwa miwani wala kwa dawa: majani yaliyolowa yanafanya dawa itiririke chini. Subiri umande ukauke, upepo ukiwa bado mdogo. Usingoje mpaka saa sita jua likiwa kali, hapo jasho litakumaliza.

Kwa parachichi iliyo kwenye maua, kama kuna dawa ambayo ni lazima ipulizwe, fanya hivyo jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Ila kumbuka jioni baridi inaanza kushuka, kwa hiyo jiandae na ukungu kama wa asubuhi.

Na kwa jasho, funga kitambaa cha pamba kwenye paji la uso, chini ya kofia. Kisiingie chini ya ukingo wa miwani, maana kitaacha mwanya. Kikilowa, badilisha.

4. Sabuni kidogo inafanya kazi kubwa

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na inafanya kazi kweli. Mwaka 2011 jarida la Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Uingereza lilichapisha ushauri huu kwa madaktari wanaovaa miwani na barakoa: osha miwani kwa maji ya sabuni, kung'uta maji, acha ikauke kabla ya kuvaa. Kinachofanyika ni kwamba sabuni inaacha utando mwembamba usioonekana. Unyevu ukifika pale haujikusanyi kuwa matone, unatandaa kama karatasi ya maji, na unaendelea kuona.

Fanya hivi nyumbani kabla ya kutoka:

- Osha miwani kwa maji safi yanayotiririka ili vumbi lisikwaruze kioo.
- Weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani wa kioo. Sambaza kwa kidole kilichonawa.
- Usisuuze. Acha ikauke kivulini.
- Ikishakauka, pitisha kitambaa laini cha pamba taratibu mpaka uone vizuri. Kazi ni kuondoa michirizi tu, usisugue mpaka sabuni yote iishe.

Kama hakuna sabuni ya maji, sabuni ya kipande nayo inafaa: gusisha kidogo kwenye kioo kikavu, halafu sambaza kwa kitambaa. Sabuni ya unga achana nayo, chembe zake zinakwaruza. Usizidishe pia. Sabuni nene ikichanganyika na jasho itakuchoma macho, na utavua miwani kwa sababu nyingine.

Rudia kila siku ya kazi, maana utando huu haukai. Unaosha jioni, unaweka upya asubuhi. Kama miwani ina alama ya N au X, yenyewe ina utando wa kiwandani upande wa ndani. Osha kwa maji tu na uiache ikauke yenyewe. Utando wa kiwandani ukishachoka ndipo uanze na sabuni. Zipo pia dawa maalumu za kuzuia ukungu za kupaka. Ukizipata, fuata maelekezo yake.

Wanaovaa miwani ya macho, ninyi mna vioo viwili vya kushughulikia. Nunua miwani ya kinga pana inayokaa juu ya ile ya macho, na paka sabuni kwenye vyote. Miwani ya macho peke yake haikingi, kwa sababu pembeni iko wazi. Miwani ya jua ya mtaani vilevile.

Ikishika ukungu katikati ya shamba

Hata ukifanya yote hayo, kuna siku itafunga. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mkono wenye glavu ya dawa unakimbilia usoni. Usiinue miwani ukiwa ndani ya mistari. Usiingize kidole chini yake kufuta. Fanya hivi:

1. Zima bomba, toka taratibu kwenye eneo ulilopuliza, nenda upande ambao upepo unatokea.
2. Tua bomba. Osha glavu zikiwa bado mkononi, kisha zivue na unawe mikono kwa sabuni.
3. Vua miwani kwa kushika mkanda wa nyuma, siyo kioo.
4. Suuza ndani na nje, weka sabuni upya, au vaa miwani ya pili.

Umeona hapo nimesema miwani ya pili. Kwa mkulima wa biashara hili siyo anasa. Moja iko usoni, nyingine iko safi na imepakwa sabuni ndani ya koti ikipata joto. Ukibadilisha unapoteza dakika tano tu. Ukiendelea bila kuona kwenye mteremko wa viazi wenye utelezi, unaweza kuanguka na bomba zima la dawa likamwagika juu yako.

Kwa hiyo pembeni mwa shamba uwe na dumu la lita 5 au zaidi la maji safi, sabuni, na mfuko uliofungwa wenye kitambaa safi na miwani ya akiba. Maji hayo hayachanganyiwi dawa hata bomba likipungukiwa. Ni ya macho na mikono.

Kwa kuchanganya dawa, unaweza kutumia ngao ya uso, ile ya plastiki inayofunika kuanzia kwenye paji mpaka chini ya kidevu. Iko wazi chini, hewa inapita, kwa hiyo ukungu ni kidogo, na inakinga uso wote dhidi ya mruko. Lakini kwa kupuliza kwenda juu au penye upepo, ngao peke yake haitoshi, dawa inapenya kwa pembeni. Hapo rudi kwenye miwani.

Vitu vya kuacha

- Mate kwenye kioo. Waogeleaji wanafanya, lakini wao hawana dawa mikononi na usoni.
- Dawa ya meno. Inakwaruza, na kioo chenye mikwaruzo hakisafishiki vizuri.
- Petroli na thina. Zinaharibu plastiki, kioo kinapasuka nyufa ndogo ndogo.
- Kufuta kwa shati la kazi. Shati lina dawa na vumbi.
- Kuhifadhi miwani stoo moja na dawa. Weka kwenye boksi lake, mahali pengine. Wanaolenga cheti cha GLOBALG.A.P. kwa ajili ya parachichi za kuuza nje, jueni mkaguzi ataliangalia hili.

Kama unaajiri vibarua

Vijana wengi mnaosoma hapa hampulizi wenyewe, mnalipa watu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kumkabidhi miwani asiyoweza kuona nayo siyo kumkinga. Kila mtu awe na yake, kwa sababu miwani ya kupokezana inapokezana na macho mekundu. Mwonyeshe jinsi ya kuvaa barakoa na kupaka sabuni. Na usimlipe kwa idadi ya mabomba halafu ukashangaa kwa nini hataki kusimama kusafisha miwani. Mhesabie muda huo.

Dawa ikiingia jichoni

Osha palepale kwa maji safi mengi yanayotiririka taratibu, jicho likiwa wazi, kwa dakika 15 au zaidi. Inamisha kichwa ili maji yasipeleke dawa kwenye jicho la pili. Usisugue. Usiweke maziwa, mafuta wala dawa ya macho ya jirani. Kisha nenda hospitali, iwe Makandana, Igogwe au kituo kilicho karibu, na ubebe lebo ya dawa ili daktari ajue anashughulika na nini. Nenda hata kama maumivu yametulia.

Kesho kabla ya kupuliza, tenga dakika kumi: pima barakoa kwa kupumua, paka sabuni kwenye kioo, weka miwani ndani ya koti, jaza dumu la maji. Ukiwa na shida ya kupata miwani yenye matundu yaliyofunikwa, ongea na afisa ugani wa kata yako. Mkiagiza kwa kikundi inakuwa rahisi zaidi.